Sarufi ya redio ilivyopiga kampeni mwaka 1992

Tunapolalamika kuwa vyombo vya habari vinapendelea upande fulani wa siasa, huwa tunahesabu dakika: nani kapewa muda, nani kanyimwa. Si vibaya kuhesabu. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliokuja kushuhudia uchaguzi wetu wa Desemba 29, 1992 waliikosoa KBC kwa kuibeba KANU. Lakini mimi ni mtu wa lugha, na nikiutazama uchaguzi ule naona upendeleo uliojificha mahali ambapo saa haiwezi kupima, yaani ndani ya maneno.

Kifungu 2A cha Katiba kilikuwa kimefutwa Desemba 1991 na vyama vingi vikarejea. Hewani, hata hivyo, redio ilibaki ya serikali. Capital FM haikuja hadi 1996, nayo ilikuwa ya Kiingereza. Majarida yaliyoisuta serikali bila kupepesa macho, kama vile Nairobi Law Monthly, Society na Finance, yalikuwa ya Kiingereza pia. Magazeti ya Kiswahili yalikuwepo, lakini gazeti hutaka barabara, hutaka pesa, tena hutaka msomaji. Redio hutaka betri tu. Basi kwa mpiga kura wengi wa mashambani, siasa za taifa zilikuja kwa Kiswahili cha KBC.

Aliyekisikiliza Kiswahili hicho hawezi kukisahau. Taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais, hata kama siku hiyo alikuwa amehudhuria harambee ya shule tu. Rais alihimiza, alionya, alihakikishia wananchi. Mpinzani, akibahatika kutajwa, alidai. Hebu tukitazame kitenzi hicho. Kudai ni neno lenye heshima zake: mtu hudai deni lake, hudai haki yake. Kwenye habari likavikwa shaka, ikawa anayedai ni yule ambaye hatujamwamini bado. Msikilizaji haambiwi kuwa mtu huyu ni mwongo. Anapewa kitenzi, anajimalizia mwenyewe. (Wahariri wa leo nao wanalipenda sana neno hili, na wanajua wanampa nani.)

Je, wapiga kura walishawishika? Hapa tusikimbilie jibu. Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi ya kura. Takriban thuluthi mbili waligawana Matiba, Kibaki, Jaramogi na wengine. Mkoa wa Kati KANU haikuambulia hata kiti kimoja cha ubunge, na Nairobi ilipata kimoja kati ya vinane. Redio ilikuwa ileile Nyeri na Baringo, Mtukufu Rais yuleyule, saa ileile. Palipokuwa na habari nyingine za kupimia, za sokoni, matatuni, kanisani au za mdomo wa jamaa, watu waliisikiliza KBC kama wanavyomsikiliza mjomba mlevi: kwa adabu, bila kuamini. Tusidharau pia ukabila na mgawanyiko wa wapinzani wenyewe, ambao ulimfaa Moi kuliko taarifa yoyote ya habari.

Kuna maneno mawili, lakini, ambayo nadhani yalifanya kazi kubwa kuliko vyeo vyote vile. Oktoba 1991, ghasia zilianza katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi, zikaenea Bonde la Ufa na magharibi mwa nchi. Watu waliuawa, maelfu wakafukuzwa makwao. Zikaitwa mapigano ya kikabila. Sikiliza sarufi yake: mapigano huzuka, kama uyoga baada ya mvua, hayana aliyeyapanga. Na nomino yenyewe inadokeza pande mbili zilizokutana zikapigana, si watu waliovamiwa usiku wakachomewa nyumba. Moi alikuwa amekwisha kuonya kwamba vyama vingi vitaleta vita vya makabila. Kwa hiyo kila taarifa iliyotamka maneno hayo mawili ilimthibitishia msikilizaji kuwa rais aliona mbali. Hapakuhitajika uongo. Jina lilitosha.

Septemba 1992, kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilitoa ripoti iliyowahusisha vigogo wa serikali na ghasia hizo. Na hili lilikuwa Bunge la 1988, la mlolongo na chama kimoja! Bunge liliikataa ripoti. Zikiwa zimebaki wiki chache watu wapige kura, maelezo pekee yaliyofika vijijini kwa urahisi yalibaki yale ya makabila kupigana.

Miaka sita baadaye, 1998, Moi aliunda tume ya majaji chini ya Akilano Akiwumi kuchunguza yaliyotokea. Ripoti ilitolewa hadharani 2002, nayo pia iliwanyooshea kidole wanasiasa na maafisa wa serikali. Kwenye jalada lake, tume yenyewe inaitwa tume ya kuchunguza mapigano ya kikabila.