Meza ya Kuatikia

Meza ya kuatikia ni meza ya kazi ya bustani, yenye kimo cha kiuno cha mtu aliyesimama, ambayo juu yake mlezi wa maua, wa mboga au wa miche ya miti huchanganya udongo, hujaza vyungu na viriba, husia mbegu, hugawa mashina yaliyosongamana, na kuuhamisha mche kutoka chombo kidogo kwenda kikubwa. Wengine huiita meza ya kitalu, na wengine meza ya miche. Kwa kuitazama huonekana kuwa kitu chepesi, maana hakuna nyumba isiyo na meza ya namna fulani. Walakini hii hutofautiana na zote kwa sababu ya vitu viwili inavyokutana navyo kila siku, navyo kila kimoja kina tabia ya ukaidi: udongo hupenda kumwagika ilhali watakiwa ubaki, na maji hupenda kutuama ilhali yatakiwa yaondoke. Meza njema, basi, ni ile inayoshika udongo na kuachilia maji, na takriban kila shauri la vipimo, la mbao na la uundaji hutoka katika kanuni hiyo.

Asili yake

Kulea mimea katika vyombo ni desturi kongwe. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako nyumba za mawe zilijengwa zikakaribiana hata ua wa ndani ukawa ndio bustani, asumini, mrehani na mawaridi yalilelewa katika vyungu, katika mitungi iliyovunjika shingo na, baadaye, katika madebe ya mafuta ya taa yaliyotobolewa matako. Kazi yenyewe ilifanywa chini, juu ya jamvi au gunia, mtu amechutama au ameketi juu ya kibao. Na hata leo, katika vitalu vingi vya Tanzania na Kenya, wajazaji wa viriba huketi kulizunguka lundo la udongo.

Meza ya kusimama ilipata umbo lake katika bustani kubwa za Uingereza za karne ya 19. Kodi ya vioo ilipofutwa huko mwaka 1845, nyumba za kioo za kulelea mimea ziliongezeka, na pamoja nazo kikaongezeka chumba cha kuatikia, chenye meza pana iliyokabili dirisha, mahali ambapo watumishi wa bustani walifanya kazi zao siku za mvua na baridi. Vyungu vyao viliitwa kwa hesabu ya vilivyopatikana kutokana na kipimo kimoja cha udongo wa mfinyanzi, hata chungu cha namba 60 kikawa kidogo kuliko cha namba 32, jambo linalomtatanisha kila asiyeijua sababu yake.

Kimo na upana

Kosa la kwanza katika meza hizi ni kimo, nalo ni kosa lisilosameheka, kwa kuwa hulipwa kwa kiuno cha mwenye meza. Meza fupi humwinamisha mtu saa nzima; ndefu mno humwinua mabega akachoka shingo. Taratibu iliyo sahihi ni mwenyewe kusimama wima, amevaa viatu vyake vya bustani, akakunja mkono kwa pembe mraba, na fundi akapima tangu ardhi hadi kiwiko, kisha akapunguza sentimita 10 hadi 15. Upungufu huo ni wa chungu, maana mikono haifanyi kazi juu ya ubao bali juu ya mdomo wa chombo kilichowekwa juu ya ubao. Kwa watu wazima walio wengi hesabu hiyo huleta kimo cha sentimita 85 hadi 95.

Hapa kipimo cha wazee cha dhiraa, ambacho ni tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, hufaa kwa namna ya kustaajabisha. Dhiraa huhesabiwa kuwa inchi 18, na dhiraa mbili ni sentimita 91, yaani karibu na katikati ya vile vipimo vilivyotajwa. Tena, maadamu dhiraa ni ya mkono wa mwenyewe, mtu mrefu hupata meza ndefu na mfupi hupata fupi, pasipo kutafuta futi ya seremala. Kwa mtu anayefanya kazi ameketi, au aliye katika kiti cha magurudumu, kanuni ya kiwiko ni ile ile, ila rafu ya chini huachwa ili magoti yapate nafasi.

Upana kutoka mbele hadi nyuma usizidi sentimita 65, kwa sababu kitu kilicho mbali zaidi ya hapo huokotwa kwa kuegemea tumbo juu ya udongo. Urefu wa sentimita 120 humtosha mtu mmoja. Wawili huhitaji 180. Nyuma huinuliwa ubao wa sentimita 25 hadi 30, na mbavuni mbao za sentimita 15 hadi 20, kusudi udongo uliolundikwa usiporomoke. Mbele huachwa wazi, ili kazi ikiisha udongo uliobaki ufagiliwe moja kwa moja ndani ya karai.

Uteuzi wa mbao

Meza hii hulowa kila siku na kukaa nje miezi kumi na miwili, kwa hiyo mbao ya kabati haiifai. Mvule na mninga hustahimili kwa muda mrefu, sharti iwe ni kiini cha mti, maana sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huliwa na wadudu hata katika miti iliyo bora. Msaji, ambao asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani, lakini umepandwa Tanganyika tangu zama za Wadachi na una mashamba yake huko Longuza katika Muheza na Mtibwa katika Morogoro, una mafuta ya asili yanayoyakataa maji. Katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania hupatikana mtarakwa, mti mwepesi wenye harufu nzuri, ambao wakulima huutumia kwa nguzo za ua. Katika pwani, boriti za mikoko zinazokatwa kwa kibali hufaa kwa miguu, kwa kuwa ni mti mgumu uliozoea kusimama majini. Msonobari ni rahisi kwa bei na kwa randa, walakini usipotiwa dawa huoza upesi. Na uliotiwa dawa hutambulikana kwa rangi yake ya kijanikijani.

Mbao za kubandikwa kwa gundi huachana kwa maji, na zile za unga wa mbao uliogandamizwa huvimba kama mkate uliotumbukizwa chaini. Zote mbili ziepukwe. Kadhalika lami ya kupakia nguzo na mafuta machafu ya gari, ambayo baadhi ya watu huyapaka kwa ajili ya mchwa, havina nafasi katika meza ambayo juu yake mizizi michanga hulazwa, kwa kuwa ile lami huichoma mimea kwa mvuke wake na yale mafuta huuchafua udongo. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yakipakwa mara moja kwa mwaka kwenye mbao iliyokauka, yatosha.

Uundaji

Kwa meza ya sentimita 120 kwa 60, seremala huhitaji miguu minne ya mbao ya inchi 2 kwa 4, fremu mbili za mbao ya namna hiyo hiyo, moja chini ya uso wa meza na ya pili sentimita 25 juu ya ardhi kwa ajili ya rafu, na mbao sita za inchi 1 kwa 4 kwa uso wenyewe. Mbao hizo sita hazibanwi. Huachwa nafasi ya milimita 4 baina ya moja na ya pili, nafasi ambayo maji hupita na udongo wenye unyevu haupiti kwa wingi, na ambayo humpa mti wasaa wa kuvimba wakati wa masika bila ya kupinda. Katikati ya fremu ya juu huwekwa mtambaa mmoja wa kubeba uzito, kwani debe moja la lita 20 lililojaa udongo wa unyevu huwa kilo 25 hadi 30, na si ajabu meza kubeba madebe matatu pamoja na vyungu vyake.

Viungo vya ulimi na tundu ndivyo bora. Penye haraka, hutumika parafujo za shaba au zilizochovywa zinki, kwa maana msumari mtupu wa chuma, hasa karibu na bahari, hupata kutu ukalegea kabla mti haujazeeka. Mbao moja ya mshazari nyuma ya miguu huondoa mtikisiko wote. Wapendao uso wa bati hupata faida ya kusafisha upesi, ila maji hayana pa kupita. Basi uso huo uinamishwe sentimita moja mbele, na kingo za bati zikunjwe chini zisikate mikono. Mbinu nyingine iliyo nzuri ni kuacha theluthi moja ya uso bila mbao na kuitandika wavu wa chuma, ili udongo unaochekechwa au kumwagika uanguke katika karai lililo chini yake.

Adui wa miguu ni wawili, maji na mchwa. Maji huingia zaidi katika ncha za mbao kuliko ubavuni, kwa kuwa huko ndiko mirija ya mti iliko wazi. Kwa hiyo nyayo za miguu hupakwa rangi au nta mara mbili au tatu kabla ya meza kusimamishwa. Mchwa nao huzuiliwa kwa kuiweka miguu juu ya mawe au matofali ya saruji. Jiwe lenyewe halimkatazi mchwa kupanda, bali humlazimisha kujenga njia yake ya udongo kwa nje, ambako jicho huiona na kidole huibomoa. Wako wanaosimamisha miguu katika makopo ya maji kama ya kabati la chakula, nao huwafuga mbu pasipo kujua. Kopo likiwapo, liwe la mafuta.

Kununua iliyo tayari

Mnunuzi aishike meza pembeni na kuitikisa. Ikicheza dukani, bustanini itaanguka. Aiangalie chini, si juu, maana rangi hupakwa panapoonekana, na kiungo kilichozibwa kwa gundi hufichwa panapofichika. Asivutwe na droo nyingi, kwa kuwa droo hujaa udongo zikakwama; kulabu tano za kuning'iniza mwiko, mkasi na kamba zina manufaa zaidi. Asiyekuwa na fedha anaweza kuulaza mlango mkuukuu juu ya nguzo mbili za matofali, akaupima kwa kiwiko chake, naye atafanya kazi ile ile.

Kazi ifanywayo juu yake

Udongo wa chombo huchanganywa kwa vipimo. Katika miaka ya 1930 wataalamu W. J. C. Lawrence na J. Newell, wa taasisi ya John Innes huko Merton karibu na London, walitunga mchanganyiko uliopata sifa nyingi: kwa ujazo, sehemu 7 za udongo mzuri wa shamba, 3 za mboji ya vinamasi na 2 za mchanga mkavu wenye chenga, pamoja na mbolea. Katika pwani yetu, mahali pa mboji ya vinamasi huchukuliwa na mboji ya majani au vumbi la makumbi lililooshwa, na mchanga huwa ni wa mtoni, kwa sababu wa baharini una chumvi. Samadi iwe imeoza hata ikapoteza harufu yake.

Unyevu hujulikana kwa mkono. Mtu hufumba konzi ya udongo kwa nguvu, kisha hufumbua: ukimwagika papo hapo, ni mkavu, ukibaki donge hata baada ya kuguswa, umelowa kupita kiasi, ukibaki donge, kisha ukapasuka kwa kuguswa na kidole kimoja, umefika. Chungu kipya cha udongo huloweshwa kwanza, ama sivyo hunyonya maji ya mche. Kigae kimoja hufunika tundu la chini, na hicho chatosha. Tabaka nene la kokoto, ambalo watu wengi huliamini, haliharakishi maji kutoka bali hupunguza nafasi ya mizizi. Mche hushikwa kwa majani au kwa donge la mizizi, kamwe usishikwe shingo. Udongo hujazwa pande zote, chungu hugongwa mara mbili juu ya ubao ili utulie, na sentimita 2 huachwa juu kwa ajili ya maji.

Mahali pake na matunzo

Meza huwekwa karibu na maji, upande wenye kivuli cha mchana, kwa kuwa mizizi iliyo wazi katika jua la saa sita hukauka kwa dakika chache. Udongo mkavu hunyunyiziwa maji kabla ya kuchekechwa, kwani vumbi la mboji laweza kuleta maradhi ya mapafu. Na mwenye kidonda huvaa glavu, kwa hofu ya pepopunda.

Kila jioni uso hufagiwa, hasa nyufa zilizo baina ya mbao, maana udongo uliosahauliwa humo hushika maji, na penye maji ndipo uozo uanzapo. Mche ukifa kwa ugonjwa, meza huoshwa kwa sabuni na kuachwa ikauke juani. Pamoja na hayo yote, iko siku nyayo za miguu zitaoza kabla ya sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa ndizo zilizo karibu na ardhi. Hapo meza haitupwi, bali sehemu iliyooza hukatwa kwa msumeno hadi kwenye mti mzima, ncha mpya ikapakwa nta, na kimo kilichopotea kikarudishwa kwa tofali nene zaidi, baada ya mwenyewe kusimama tena kando yake na kukunja kiwiko.