Bure si Huru: Jinsi Kompyuta ya Nyumbani Ilivyopambana na Virusi Kisii na Nyamira

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuongee historia kidogo.

Tangu nihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Ni antivirusi gani nzuri ya bure niweke kwenye kompyuta ya nyumbani?" Anayeuliza hutaka jina moja tu aende zake. Mimi naye huwa namrudisha kwenye lile neno "bure", kwa sababu ndilo lenye mambo. Ukifuata historia ya kompyuta za nyumbani huku Gusii, utaona kwamba si kila kilichokuja bure kilitusaidia, na kilichotusaidia zaidi kilikuwa na sifa nyingine kabisa.

Maneno mawili, mambo mawili

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU. Alitaka kuwe na programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuwagawia wengine nakala. Shida yake ni kwamba Kiingereza hutumia neno lile lile kwa kitu kisicho na bei na kwa kitu kisicho na kifungo, kwa hiyo miaka yote hiyo amekuwa akieleza kwamba hazungumzii bei.

Sisi wa Kiswahili tuna bahati. Tuna *bure*, yaani hulipi. Tuna *huru*, yaani hufungwi. Programu inaweza kuwa bure lakini ikufunge mikono: utumie nyumbani pekee, usimpe jirani, usifungue kuona ndani. Shika tofauti hiyo, maana tutaihitaji mbele.

Kompyuta isiyo na intaneti

Turudi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kompyuta iliyofika kwenye nyumba ya Keroka, Ogembo au Nyamira mara nyingi ilikuwa mtumba kutoka ng'ambo. Ilikaa sebuleni au chumba cha pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Mwenyewe huenda alikuwa mwalimu anayechapa mitihani, au mweka hazina wa harambee mwenye orodha za michango.

Kitu kimoja haikuwa nacho: intaneti. Kenya nzima wakati huo ilitegemea setilaiti kuunganishwa na dunia, na bei ilikuwa ya kuumiza. Mtu wa Gusii aliyetaka kusoma barua pepe alipanda matatu hadi mjini Kisii, akaingia sayba na kulipa kwa dakika.

Na hapo ndipo shida ilipoanzia. Antivirusi hukamata kirusi kwa kulinganisha faili na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana. Orodha isiyosasishwa ni kama askari wa lango mwenye picha za wezi wa mwaka juzi. Kompyuta iliwekewa antivirusi siku ya kununuliwa, ikoni ikakaa pale chini karibu na saa, mwenyewe akalala usingizi. Miezi sita baadaye ikoni bado ipo, ila ulinzi umekwisha.

Kulikuwa na jambo la pili. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilizagaa kwa nakala zisizo halali. Microsoft ilipoanza ukaguzi wa nakala halali mwaka 2005, masasisho muhimu ya usalama yaliendelea kutolewa hata kwa nakala zisizo halali, lakini mwenye nakala ya magendo aliogopa kushikwa, akazima masasisho yote. Akafunga mlango ambao dawa ingepitia.

Flashi ilileta ugonjwa, flashi ikaleta dawa

Flashi diski zilianza kuuzwa duniani mwaka 2000, na kufikia katikati ya muongo huo zilikuwa zimechukua nafasi ya diski laini za megabaiti 1.44. Mwalimu aliandika mtihani nyumbani, akaubeba kwa flashi hadi kwenye duka la kuchapa mjini, akarudi na flashi ile ile. Siku moja alirudi na mgeni.

Ndugu msomaji, virusi vya enzi hiyo vilikuwa na ujanja mwepisi sana. Kirusi kiliweka kwenye flashi faili dogo liitwalo autorun.inf, ambalo huiambia Windows ni programu gani ya kuanzisha flashi ikichomekwa au ikibofywa. Kisha kilificha folda zako za kweli na kuweka programu zenye majina yale yale na picha ya folda. Kwa kuwa Windows haionyeshi herufi za mwisho za jina la faili isipoambiwa, hukuona zile ".exe". Ukabofya "MITIHANI" ukidhani ni folda, kumbe umekifungulia kirusi mlango mwenyewe!

Wengi walidhani kazi yao imefutwa, wakafomati flashi. Kazi ilikuwepo muda wote, imefichwa tu.

Kirusi cha Conficker kilipotokea Novemba 2008 kilitumia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa imeuziba mwezi Oktoba mwaka huo huo, na matoleo yake yaliyofuata yakapitia pia flashi. Kiliingia mamilioni ya kompyuta duniani. Aliyesasisha alipona. Sasa mwambie hayo mtu wa Ekerenyo asiye na intaneti!

Lakini watu hawakukaa kimya. Antivirusi kadhaa ziliruhusu orodha ya virusi ipakuliwe kama faili la kawaida, kisha ibebwe na kupachikwa kwenye kompyuta isiyo na mtandao. Kwa hiyo kijana mwenye ujuzi alilipa dakika zake sayba, akapakua faili hilo, na likazunguka kwa flashi nyumba hadi nyumba. Ugonjwa na dawa vilipanda matatu moja.

Hapa ndipo *bure* na *huru* zilipoachana njia. AVG na avast!, zote za Ucheki, zilikuwa na matoleo ya bure yaliyopendwa sana, lakini leseni zake zilikuwa za matumizi ya nyumbani yasiyo ya biashara. Sayba au duka la kuchapa, yaani pale pale virusi vilipokutana, halikuruhusiwa kuzitumia bila kulipa. ClamAV, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Tomasz Kojm wa Poland, ilikuwa huru: duka, shule, kanisa, yeyote yule aliruhusiwa kuitumia na kuigawa. Tusidanganyane, ndugu yake wa Windows, ClamWin, hakuwa na ulinzi wa papo kwa papo. Alisubiri umwambie achunguze. Lakini kumpa jirani nakala hakukuwa wizi.

Mahali ambapo intaneti ni ghali, ruhusa ya kunakili ni sehemu ya ulinzi wenyewe. Mmoja akipakua, kijiji kizima kinapata, na hakuna anayejificha.

CD kupitia sanduku la posta

Oktoba 2004 lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo wa Linux ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni "utu" kwa lugha za kwao. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, mradi huo ulituma CD popote duniani bila malipo, hata ya stempu. Uliandika anwani yako, ukasubiri, CD ikafika kwenye sanduku la posta. Aliyeipata aliruhusiwa kutoa nakala mia akipenda.

CD hiyo ilikuwa na faida ambayo hata asiyetaka kuhama Windows aliifurahia: unawasha kompyuta kutoka kwenye CD yenyewe bila kusakinisha chochote. Ukichomeka flashi iliyougua, Linux haitekelezi zile ".exe", na folda zilizofichwa zinaonekana zote. Unafuta uchafu, unaokoa mitihani, unazima. Kwa fundi wa Kisii hicho kilikuwa kisu cha kila kazi.

Kuna na suala la stima. Nyanda za Gusii ziko karibu na Ziwa Viktoria, na msimu wa mvua ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida. Stima ikikatika ghafla, diski iliyopangwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32, kama zile za Windows 98, iliweza kuharibika mpangilio wake. NTFS ya Windows XP na ext3, iliyoingia rasmi kwenye Linux mwaka 2001, huweka daftari la mabadiliko kabla ya kuyatekeleza, hivyo mashine ikiwaka tena inajua ilipoishia. Lakini radi haisomi daftari. Dawa ya radi ni kuchomoa waya ukutani.

Na kwa kuwa programu huru huruhusu kubadilishwa, Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti.

Kebo zikafika, bure ikaonyesha bei yake

Mwaka 2009 kebo za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Taratibu intaneti ikapanda hadi Kisii, ikaingia nyumbani kwa modemu na simu. Mwaka huo Microsoft ikatoa antivirusi yake bila malipo, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ulinzi huo huja ndani ya mfumo. Februari 2011 masasisho yakazima ule ujanja wa autorun wa flashi hata kwenye XP. Mambo yakaonekana shwari.

Sasa tazama kilichofuata. CCleaner, programu ya bure ya kusafisha kompyuta iliyopendwa kila mahali, ilivamiwa mwaka 2017: wahalifu walipachika msimbo wao ndani ya toleo rasmi, nalo likafika kwenye kompyuta zaidi ya milioni mbili. Januari 2020 ikafichuka kwamba Avast ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti wanazotembelea watumiaji wake kupitia kampuni tanzu ya Jumpshot. Kampuni hiyo ilifungwa, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Mlinzi wa bure alikuwa akiandika kila uendako na kuuza daftari. Wahenga walisema rahisi huwa ghali.

Je, programu huru haina mabaya? Inayo! Machi 2024 iligundulika kwamba mtu alikuwa amepachika mlango wa siri ndani ya xz, programu huru ndogo ya kubana faili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Aliyegundua ni mhandisi Andres Freund, baada ya kuona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Aliweza kuchimba hadi mwisho kwa sababu hakuna aliyemfungia msimbo. Wezi wako kila upande. Kwenye kitu huru, unaruhusiwa kuwatafuta.

Oktoba 2025

Kwa nini nawachosha na historia? Kwa sababu imerudi. Masasisho ya Windows XP yalikoma tarehe 8 Aprili 2014. Ya Windows 10 nayo yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja. Windows 11 hudai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na laptopu nyingi za "ex-UK" tunazonunua hazifikii vigezo hivyo. Mashine ni nzima, betri inakaa, lakini tutarudi kwenye ile ikoni iliyolala karibu na saa.

Ikiwa yako ni mojawapo, fanya hivi:

1. Nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje leo, kabla ya jambo lingine lolote.
2. Jaribu Linux Mint au Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Angalia kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi.
3. Fungua hati zako kwa LibreOffice na uone kama zinakaa sawa. Kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, usihame kwa pupa. Jiandikishe kwa nyongeza kwanza.
4. Sasisha kila wiki. Ukiwa na bando dogo, tenga siku moja ya kufanya hivyo.
5. Usitumie akaunti ya msimamizi kwa kazi za kila siku, na usiweke antivirusi mbili. Zitagombana na mashine itakuwa kobe.
6. Ukisikia ngurumo, zima na uchomoe.

Na ukishapakua Linux yako, usiifute. Mwekee jirani kwenye flashi. Leseni inakuruhusu, na bando lake litabaki kwa mambo mengine.

Tukutane wakati mwingine, panapo majaliwa.