Urujuani wa Usambara: ukubwa na kasi ya ukuaji

Urujuani wa Usambara, uitwao pia dughulushi (kisayansi Streptocarpus ionanthus, zamani Saintpaulia ionantha), ni mmea mdogo wa kudumu unaopandwa vyunguni ndani ya nyumba kwa ajili ya maua yake. Ukubwa unaofikiwa na mmea uliokomaa hutegemea zaidi aina yake. Kasi ya kuufikia ukubwa huo hutegemea mwanga, unyevu na, hasa katika miinuko yenye baridi kama Ufipa, joto la usiku.

Chimbuko na uainishaji

Mmea huu ni wa Tanzania na Kenya. Kwa asili huota kwenye miamba yenye kivuli na kingo za vijito katika milima ya Usambara na misitu ya jirani, ambako mizizi hushika tabaka jembamba la mboji kwenye nyufa za mawe. Jamaa zake wa karibu wako sehemu nyingine za safu ya milima ya mashariki ambayo Usambara ni sehemu yake: S. goetzeanus huota Uluguru kwenye miinuko inayozidi mita 1,300, na S. teitensis huota Taita, nchini Kenya. Ufipa hauna hata mmoja wao porini, kwa kuwa uko zaidi ya kilomita 800 kutoka Usambara na milima yake haimo katika safu hiyo.

Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, ndiye aliyeupeleka mmea huu Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1890 kupitia kwa baba yake. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliueleza kitaalamu na kuupa jina la ukoo wa Saint Paul. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles ilichagua machotara kumi kutokana na mbegu zilizotoka Ulaya, na kutoka hapo biashara yake ikaenea. Chama cha wapenzi wa mmea huu nchini Marekani kilianzishwa mwaka 1946. Mwaka 2015 wataalamu wa uainishaji waliuingiza katika jenasi ya Streptocarpus, ingawa wauzaji wengi bado wanatumia jina la Saintpaulia.

Ukubwa

Majani hupangika kwa duara kuzunguka shina fupi sana. Ni manene, yana vinyweleo, na kila moja lina kikonyo chake. Mimea ya mwituni huwa na kimo cha sentimita 6 hadi 15 na kipenyo cha sentimita 6 hadi 30. Ua lina upana wa sentimita 2 hadi 3, petali tano na stameni za manjano. Baadhi ya aina za mwituni hazikai kwa duara: ile inayojulikana kama grotei, ya maeneo ya Amani, ina shina refu linalotambaa.

Mimea ya kufugwa hupangwa kwa madaraja kwa kupima kipenyo, yaani kutoka ncha ya jani la upande mmoja hadi ncha ya jani la upande wa pili. Aina ndogo hazizidi sentimita 20, za kawaida huwa kati ya 20 na 40, na kubwa huvuka 40. Chungu hufuata kipimo hicho, kwani upana wake huwa takriban theluthi moja ya kipenyo cha mmea. Mmea wa sentimita 30 hutoshwa na chungu cha sentimita 10. Chungu kikubwa kuliko hapo hushikilia maji ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza, na mizizi huoza.

Kipenyo peke yake hakitoshi kuonyesha afya ya mmea. Mmea uliokosa mwanga hurefusha vikonyo na kuinua majani juu, hivyo huonekana umetanuka kumbe umedhoofika. Mwanga ukizidi, majani ya katikati hubanana na rangi hupauka. Mmea wenye afya hulaza majani yake karibu sawasawa, bila nafasi kubwa kati ya jani na jani.

Kasi ya ukuaji

Njia ya kawaida ya kuuzalisha ni kupanda jani. Jani lililokomaa hukatwa pamoja na sentimita 2 au 3 za kikonyo. Kikonyo hicho hukatwa mshazari na kuchomekwa kwenye mchanganyiko mwepesi wenye unyevu. Penye joto la kutosha, mizizi hutokea baada ya wiki 3 au 4. Wiki kadhaa baadaye machipukizi hujitokeza pale kikonyo kilipokatwa, mara nyingi zaidi ya moja, na kila chipukizi huweza kutengwa na kuwa mche. Tangu jani lipandwe hadi ua la kwanza hupita miezi 6 hadi 9. Mbegu ni ndogo kama vumbi na hazifukiwi, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Huota kwa wiki 2 au 3, na mmea huchanua kati ya miezi 6 na mwaka mmoja.

Vikonyo vya maua hutoka kwenye makwapa ya majani, na kwa kawaida kwapa moja huchanua mara moja tu. Kwa hiyo mmea ulioacha kutoa majani mapya haukawii kuacha kutoa maua. Kadiri majani ya chini yanavyozeeka na kuondolewa, shina hubaki wazi kama shingo. Dawa yake ni kuuhamisha mmea na kuufukia hadi chini ya majani yaliyobaki, ili shingo hiyo nayo itoe mizizi.

Ukuaji mzuri hupatikana kati ya nyuzijoto 20 na 25. Chini ya 16 hupungua sana, na chini ya 10 majani huweza kudhurika. Maji yaliyo baridi kuliko jani huacha madoa ya mviringo yenye rangi ya krimu ambayo hayafutiki, kwa kuwa chembe za kijani zilizo chini ya ngozi ya jani huwa zimekufa. Kwa sababu hiyo wapandaji wengi humwagilia kwa kuweka maji ya uvuguvugu kwenye kisahani chini ya chungu. Moshi wa mkaa na gesi ya matunda yanayoiva huangusha maua kabla ya wakati, basi meza ya jikoni yenye mkungu wa ndizi si mahali pake.

Katika nyanda za juu za Ufipa

Mji wa Sumbawanga, ulioko Ufipa, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Kwa kuwa mji uko karibu na nyuzi 8 kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja hutoa mwanga wa kutosha mwaka mzima. Kinachobadilika ni joto na unyevu. Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Kisha hufuata kiangazi chenye upepo mkavu, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Katika miezi hiyo majani mapya hutoka polepole, na machipukizi ya maua huweza kukauka kabla ya kufunguka. Kule chini Kasanga, ufukweni mwa Tanganyika kwenye mwinuko wa chini ya mita 800, baridi si tatizo. Mmea huhitaji zaidi kivuli na hewa.

Udongo wa bustani peke yake ni mzito kwa mizizi myembamba ya mmea huu. Mboji inayotokana na nyasi zilizofukiwa kwenye matuta, kilimo ambacho Wafipa wanajulikana nacho tangu zamani, hufaa ikichekechwa na kuchanganywa na mchanga mkavu pamoja na vipande vidogo vya mkaa au makapi ya mpunga ili ipitishe maji. Chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako na kufunikwa juu ya jani lililopandwa huhifadhi unyevu wakati wa kiangazi. Usiku wa baridi chungu huondolewa kwenye kioo cha dirisha na kuwekwa ndani zaidi.

Muda wa miezi 6 hadi 9, tangu jani lipandwe hadi ua la kwanza, hupimwa kwenye joto la kutosha. Jani lililopandwa Sumbawanga mwezi Mei huingia moja kwa moja kwenye baridi, huchelewa kutoa mizizi na huweza kuoza. Likipandwa Septemba, joto linapopanda, mche hupata msimu mzima wa mvua wa kujenga majani, na huweza kuwa tayari kuchanua kabla ya baridi ya Juni kurudi.