Mpira Hufuata Ardhi

Mpira wa miguu mnaujua. Kiangazi, ardhi ikiwa kavu, mpira hukimbia mno; masika, penye tope, hukwama. Mchezaji hodari huitazama ardhi kwanza, ndipo hupiga.

Leo tutazame mchezo wa kriketi. Mtupaji huurusha mpira mgumu wa ngozi ili udunde mbele ya mpigaji. Njia yake ina urefu wa yadi 22. Njia ikiwa na majani mabichi na unyevu, mtupaji wa kasi hupata faida. Ikikauka na kupasuka, zamu huwa ya yule atupaye polepole, akiuzungusha mpira kwa vidole au kwa kifundo cha mkono, ili ukidunda ugeuke upande.

Tarehe 24 Februari, 2003, Kenya ilicheza na Sri Lanka mjini Nairobi katika Kombe la Dunia. Sri Lanka walikuwa mabingwa wa mwaka 1996. Wachache waliidhania Kenya ushindi. Kenya ilipata mikimbio 210. Ndipo Collins Obuya, mtupaji wa kuzungusha, akawatoa wapigaji 5. Sri Lanka wakaishia 157. Mwaka huo Kenya ikafika nusu fainali.

Obuya hakushinda kwa kasi, bali kwa kuugeuza mpira. Sasa zungumzeni darasani: mvua zikichelewa, mkulima wa Ufipa hubadili nini, naye jembe lake ni lile lile?

Kwaherini mpaka somo lijalo.