Kwenda Chumba cha Pili kwa Kupitia Amsterdam

Wadau, leo naacha siasa kidogo nizungumzie ruta. Najua wengine mtaguna. Vumilieni, siasa mtaikuta humo humo ndani.

Nyumba tunayopanga ina ruta mbili. Ya kwanza iko sebuleni, imeungwa na waya wa kampuni inayotuuzia intaneti, na hapo ndipo ilipochomekwa diski yenye sauti za mahojiano yangu. Ya pili iko chumbani kwangu na inapata mtandao kutoka kwa ile ya kwanza. Nikizima VPN, laptopu inaisoma diski bila ubishi. Nikiiwasha, diski inatoweka. Waya haujakatika, ukuta ni ule ule. Kulikoni?

(Kwa nini mwandishi wa habari ana VPN? Hilo kwa Bongo halina haja ya maelezo marefu. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, Twitter ilibanwa na watu wakajifunza neno hilo kwa siku moja. Oktoba 2023 TCRA ikatangaza kwamba wanaotumia VPN wajisajili hadi tarehe 30 ya mwezi huo. Tuendelee.)

Jibu linaanzia miaka ya 1990. Anwani za IP za toleo la nne ni kama bilioni 4.3 tu, na wahandisi waliona mapema kwamba hazitatosha. Machi 1994 waraka ulioitwa RFC 1597 ukapendekeza mafungu ya anwani yatengwe kwa matumizi ya ndani: kila mtu ayatumie ofisini au nyumbani kwake bila kuomba ruhusa, mradi yasitoke nje. Wengine wakaja juu. Julai mwaka huo huo wakatoa RFC 1627, wakidai kwamba anwani inayotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja inavunja msingi wa intaneti. Mabishano yakaishia kwenye RFC 1918, Februari 1996, ambayo tunaitumia mpaka leo. Kinachonifurahisha ni kwamba fungu linaloanza na 10 lilikuwa la ARPANET, mtandao mama uliolipiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani na kuzimwa mwaka 1990. Namba ya marehemu ikagawiwa mitaani.

Fungu jingine ni 192.168, lenye anwani 65,536. Sebuleni kwetu ni 192.168.1, chumbani kwangu ni 192.168.8. Bila shaka kuna 192.168.1 nyingine kwa jirani, nyingine Kisumu, nyingine Muscat. Hakuna anayegombana kwa sababu hazivuki kizingiti.

Sasa VPN inafanya nini? Inajitangaza kwa laptopu kuwa njia kuu: usichokijua kilipo, nipe mimi. Kwa kawaida mtandao wa chumbani inauacha, maana laptopu imeshikana nao moja kwa moja. Ila sebule iko ng'ambo ya ruta ya pili, kwa hiyo laptopu inaihesabu kama ugenini. Ombi langu linafungwa kwa siri, linavuka bahari hadi kwenye seva ya Amsterdam, na seva ile haijui lolote kuhusu sebule yangu. Linatupwa huko huko.

Dawa ni sentensi moja ndani ya jedwali la njia: chochote kinachokwenda 192.168.1 kipitie ruta ya chumbani, kisiingie VPN. Kanuni ya mtandao ni kwamba njia mahususi huishinda njia ya jumla, basi mengine yote yanaendelea kupita Amsterdam na diski inarudi. Angalizo: ruta mbili zisiwe na namba zinazofanana, na programu nyingine za VPN zina kufuli la kuzuia mtandao wa ndani, ambalo lazima ulifungue kwanza.

Siasa niliyowaahidi ni hii. Kuna nchi nzima iliwahi kuishi kama laptopu yangu.

Kabla ya Novemba 2000, barua pepe ya mtu wa Nairobi kwenda kwa mwenzake wa Nairobi, mteja wa kampuni nyingine, ilipanda kwenye satelaiti, ikaenda Ulaya au Marekani, kisha ikarudi. Satelaiti hizo ziko kilomita karibu 36,000 juu, na safari ililipiwa kwa dola. Watoa huduma wakachangishana na kujenga KIXP, kituo cha kubadilishana data hapo hapo mjini. Kifaa chenyewe hakikuwa cha ajabu: swichi tu, kila kampuni inaleta waya wake.

Kikadumu kama wiki mbili. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya nje, ililalamika kwamba haki yake imeguswa, na mamlaka ya mawasiliano, CCK, ikaamuru kifungwe. Hebu fikiri: data inayotoka Nairobi kwenda Nairobi inahesabiwa kuwa mawasiliano ya nje, na kuibakiza nyumbani ni kosa! Telkom ndiyo ilikuwa njia kuu, na mwenye njia kuu hapendi uandike sentensi yako kwenye jedwali. Watoa huduma walipigania leseni karibu mwaka mzima, na Februari 2002 KIXP ikafunguliwa upya. Ripoti ya Internet Society ya 2012 inasema muda wa data kwenda na kurudi ulishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kuwa 2 hadi 10.

Dar es Salaam tulipata kituo chetu, TIX, mwaka 2004, miaka mitano kabla mkongo wa Seacom haujafika Julai 2009. Hata hivyo kituo hakisaidii kitu kama tovuti yenyewe imepangishwa kwenye seva ya Ujerumani au Marekani kwa sababu huko ni bei poa. Kwenye kompyuta yako kuna amri ya kufuatilia njia, traceroute. Ipe jina la gazeti unalosoma kila asubuhi, uone data yake inalala wapi. Ukishaona, niandikie hapo chini.