Neno "Ukaidi" Mimbarani na katika Historia ya Usambara

Mhubiri wa Tanga akitaka kumkemea mtu asiyekubali kugeuka, humwita mkaidi. Tumelizoea neno hili hata hatuulizi tena lina uzito gani. Katika makala hii tunakusudia kulipima kwa lugha, kwa Maandiko na kwa historia ya sehemu zetu.

Kwanza, lugha. Ukaidi una majirani zake. Mbishi hushindana kwa maneno, naye huenda akashindwa na kukubali. Usugu hutokana na sugu, ile ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa. Mtu sugu amekemewa mara nyingi hata haumii tena. Mkaidi ni yule aliyesikia na kuelewa, kisha akakataa kwa kusudi. Neno ushupavu lina pande mbili. Katika Yeremia 3:17, Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 hulitumia kwa moyo mbaya usiotubu. Lakini leo askari akiitwa shupavu, amesifiwa. Kutoyumba kule kule huitwa dhambi au fadhila, kwa kutegemea kinachoshikiliwa na anayetoa jina.

Pili, Maandiko. Israeli huitwa watu wenye shingo ngumu (Kut. 32:9), mfano wa ng'ombe anayekataa nira. Msikilizaji aliyelima kwa jembe la mkono milimani hakuiona nira hiyo, ndiyo maana husema zaidi "kichwa kigumu". Lakini tuangalie ni nani anayeambiwa. Samweli alipotamka habari ya ukaidi (1 Sam. 15:23), alimwambia mfalme. Stefano aliposema juu ya shingo ngumu (Mdo 7:51), mshtakiwa alikuwa akiwaambia waamuzi wake. Hata mwana mkaidi wa Kumbukumbu la Torati 21:18-19 hakuachwa kwa neno la mzazi mmoja. Ilipasa baba na mama wamlete mbele ya wazee wa mji. Katika mahali hapa neno hili halikuwa fimbo ya mkubwa kumchapia mdogo bila kumsikiliza.

Tatu, historia. Mlalo ni mahali tunapopaheshimu, kwa kuwa mwaka 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walianzisha huko kituo walichokiita Hohenfriedberg. Katika bonde hilo hilo, mwaka 1946, serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo, uliopanuliwa baadaye katika Usambara. Wakulima waliamriwa kupiga matuta kwenye miteremko, na waliokataa walishtakiwa. Wengi walikataa hata hivyo. Kwa macho ya watoa amri, huo ulikuwa ukaidi wa watu wasiotaka maendeleo.

Je, ndivyo ulivyokuwa? Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli, hatuwezi kuukana. Lakini wakulima nao walikuwa na sababu zao. Matuta yalidai kazi nzito, iliyowaelemea hasa wanawake. Wengi waliogopa kwamba shamba lililopigwa matuta lingechukuliwa, na maskini waliotegemea kuazima ardhi waliona hatari ya kukosa pa kulima. Amri ilisikika, hoja hazikusikilizwa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 mpango huo uliachwa. Tukirudi kwenye maana tuliyoieleza, mkaidi ni yule asiyetaka kusikia. Basi katika shauri hili ni vigumu kusema kwamba alikuwa mkulima peke yake.

Sisi wachungaji tuna jambo la kujifunza hapa. Washarika wanapopinga liturgia mpya, mchango mpya au mpaka mpya wa usharika, neno ukaidi hutujia upesi mdomoni, kwa sababu hutuondolea kazi ya kujibu. Kabla ya kulitamka tujiulize maswali matatu: Je, wamesikia? Je, wameelewa? Je, sisi tumewasikiliza? Jibu la moja likiwa hapana, tulilo nalo ni ubishi, au hofu, au pengine ushupavu ulio mwema.

Wahenga walisema, "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi." Kwa kawaida twaisoma methali hii kama onyo. Lakini tukiitafakari, yaonyesha pia kwamba siku ya karamu huyo mkaidi naye hupata fungu lake. Ikiwa hekima ya mwambao humwachia nafasi sahanini, mimbari ya Injili isimfungie mlango.