Musoma na ufukwe wake: mgeni njoo, mwenyeji apone

Mwezi uliopita nilikuwa Musoma kikazi. Kazi ilipokwisha, yapata saa kumi na moja jioni, nilishuka kwa miguu taratibu kuelekea ziwani upande wa Mwisenge. Nia yangu ilikuwa moja tu: kukaa juu ya jiwe ninalolifahamu tangu utotoni na kutazama jua likizama. Jiwe nililiona. Lakini kati yangu na jiwe palikuwa na ukuta, katika ukuta palikuwa na geti, na getini alisimama kijana mwenye sare na rungu.

"Shikamoo, mzee," alinisalimu kwa adabu. Nikaitikia. Akauliza kama nimekuja kula au kulala. Nikamwambia nimekuja kukaa. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Hapa ni kwa wateja tu, mzee. Wa kukaa wanakaa kule," akanyoosha rungu kuelekea mwaloni, kwenye mitumbwi na dagaa.

Simlaumu kijana yule. Yuko kazini, anatafuta riziki yake kama mimi ninavyotafuta yangu. Wala simchukii mwenye hoteli, maana mji unahitaji hoteli. Lakini neno lile, "wa kukaa wanakaa kule," lilinifuata hadi kitandani, na ndilo lililonifanya leo niwaombe tuzungumze juu ya mji wa Musoma na ufukwe wake.

Mimi ni mtu wa Kabasa, Bunda. Musoma niliuona kwa mara ya kwanza miaka ya 1980, nikiwa mtoto, nimepakiwa na mjomba wangu nyuma ya lori la pamba. Tulipofika hatukwenda sokoni wala kwa ndugu. Mjomba alinishika mkono tukashuka moja kwa moja hadi kwenye jiwe lile. Akavua viatu, akanawa uso, mikono na miguu, akaniamuru na mimi ninawe. "Hatuwezi kuingia mji wa watu na vumbi la shamba," alisema. Pale jiweni tuliwakuta wengine wengi wakifanya vivyo hivyo. Akina mama waliotoka Majita walikuwa wakijifunga kanga safi, na vijana walikuwa wakichana nywele kwa kujitazama majini. Kwa watu wa shamba, ufukwe wa Musoma ulikuwa sebule ya mji. Hapo ndipo mtu alipojitengeneza kabla ya kuingia ndani.

Wazee wa Kikwaya husimulia kwamba jina la mji limetokana na neno "omusoma", yaani ulimi wa nchi unaoingia ziwani. Ukiitazama ramani utawaamini. Upande mmoja ni ziwa kuu, upande mwingine ni ghuba inayopokea Mto Mara, mto unaoanzia milima ya Mau huko Kenya, ukapita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, ukaishia hapa baada ya safari ya kilomita 395 hivi. Kwa kuwa Musoma uko pwani ya mashariki ya ziwa, jua lake huzama majini, na hapo mawe makubwa ya pwani hugeuka rangi ya kahawia iliyokolea. Mgeni yeyote anayefika husema kwamba mji huu uliumbwa kwa ajili ya mapumziko.

Lakini hakuna aliyekusudia kuujenga mji wa mapumziko. Nionavyo mimi, utulivu wa Musoma ulitokana na kurukwa. Kila jambo kubwa lililotokea kando ya ziwa hili lilipita karibu na Musoma, likaenda kutua kwingine.

Stanley alipita pwani hii mwaka 1875 na mashua yake Lady Alice, akauona mlima wa Majita, akaendelea na safari. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kwa mapatano ya mwaka 1886, mpaka ulichorwa kutoka baharini hadi ziwani kwenye latitudo ya 1 kusini, na pwani yetu ikawa pembe ya koloni la Wajerumani. Wajerumani wakaweka vituo Shirati na Musoma ili kuuangalia upande huo. Vilikuwa vituo vya pembezoni tu.

Mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika ziwani, lakini ilifika Kisumu. Mwaka 1928 reli ya Tanganyika nayo ikafika ziwani, lakini ikafika Mwanza. Musoma ukabaki katikati, hauna reli ya kaskazini wala ya kusini. Tangu hapo imezungumzwa reli ya kutoka Tanga na Arusha hadi Musoma. Babu zetu waliisikia, baba zetu waliisikia, na sisi bado tunaisikia.

Kilichoubeba mji ni meli. Meli zilikuja kuchukua ngozi, samli, karanga na pamba, zikashusha nguo, sukari na chumvi. Ndiyo maana maduka ya zamani ya Wahindi yalijengwa karibu na gati. Siku ya meli ilikuwa kama sikukuu. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, ilianza kazi meli ya Victoria, na mtu wa Musoma aliweza kuizunguka Afrika Mashariki kwa maji: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, kisha akarudi nyumbani. Kwa miaka kadhaa mji huu wa pembezoni ulikuwa katikati ya duara.

Duara hilo lilivunjika mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa. Mpaka na Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983, na meli wakagawana kama wana wanaogawana masufuria ya marehemu. Baadaye likaja daraja la Kirumi kwenye Mto Mara, mahali ambapo zamani magari yalisubiri pantoni, na barabara ya Mwanza hadi Sirari ikatengenezwa. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini mabasi ya Mwanza na Tarime hupita njia panda, na Musoma uko pembeni, mwisho wa barabara yake. Hata watalii wa Serengeti, ambao lango lao la Ndabaka liko hapo Bunda, wengi hugeukia Mwanza au hurudi Arusha bila kujua kwamba kaskazini kidogo kuna mji wa namna hii.

Msije mkadhani kwamba mji uliorukwa ni mji usio na mchango. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito alitoka Butiama, kilomita zaidi ya 40, akaja kuanza shule Mwisenge. Alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Baada ya miaka mitatu akaenda Tabora, na mengine mnayajua. Miaka 40 baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mwenyekiti akiwa mtoto yule yule, ikatoa Azimio la Musoma. Lengo la kumwingiza shule kila mtoto, lililokuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989, likasogezwa hadi 1977. Aidha iliamuliwa kwamba mwanafunzi amalizapo sekondari aende kwanza kufanya kazi, chuo kikuu kije baadaye. Yapo mengi ya kubishania kuhusu azimio lile, hasa madarasa yaliyofurika na walimu waliofunzwa harakaharaka. Lakini watu wa umri wangu, watoto wa wakulima wa pamba, tulikaa darasani kwa sababu yake. Mimi husema kwamba diploma yangu ya uandishi wa habari ilianzia ufukweni Musoma.

Baada ya hapo ikaja zamu ya samaki. Sangara alipandikizwa katika ziwa hili tangu miaka ya 1950 upande wa Uganda, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala. Furu, samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha kila nyumba, wakapungua mno. Vikaja viwanda vya minofu, zikaja ndege na malori ya barafu, na vijana wakaacha jembe wakashika nyavu. Wakati huo huo kiwanda cha nguo cha MUTEX, kilichokuwa kimeajiri baba na mama wengi wa Musoma, kikasimama katika miaka ya 1990. Mji mzima ukaegemea samaki mmoja. Mwaka 1999 wapo waliovua kwa sumu, na Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wa ziwa letu. Siku chache zilitosha kuuonyesha mji jinsi ulivyo hatari kuegemea mguu mmoja.

Kwa hiyo sishangai kwamba leo watu wanautazama ufukwe na kuona fedha. Samaki wamepungua, pamba haina nguvu ya zamani, na utalii unaonekana ndio mguu wa pili. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 134,000 na ushee katika manispaa ya Musoma, na hao wote wanataka kula. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hoteli ikijengwa, fundi anapata kazi, mvuvi anauza sato wake kwa bei nzuri, na kijana anapata sare na rungu.

Swali langu ni hili: mwenyeji anapona vipi kama amefungiwa nje ya sebule yake?

Ziwa nalo lina maoni yake juu ya jambo hili. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua zilinyesha kupita kiasi na ziwa likapanda zaidi ya mita 2. Wazee waliokuwapo husimulia jinsi mashamba ya kando ya maji yalivyozama, na miti ikasimama ziwani kama watu waliosahau njia ya nyumbani. Kisha maji yakashuka polepole, mwaka hadi mwaka, na ardhi ikaonekana tena. Waliokuja baadaye wakaiona ardhi hiyo tambarare, yenye mchanga mweupe, wakasema ni kiwanja. Haikuwa kiwanja. Ilikuwa ni ziwa lililotoka kidogo na kuacha mlango wazi.

Mwaka 2020 likarudi. Mwezi Mei mwaka huo maji yalifikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964. Kuzunguka ziwa zima, Kenya, Uganda na hapa kwetu, maji yaliingia kwenye nyumba, mialo, bustani na hoteli. Hayakuuliza nani mteja na nani si mteja.

Tunayo sheria inayosema maneno yale yale kwa lugha ya serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 ni hatua themanini hivi za mtu mzima. Ukisimama kwenye maji pale Musoma ukahesabu hatua themanini kuelekea mjini, utajionea mwenyewe umepita kuta ngapi. Nami nawaomba viongozi wa manispaa wafanye zoezi hilo siku moja jioni, bila magari, bila waandishi wa habari. Wahesabu tu.

Sisemi hoteli zivunjwe. Nasema, kabla kiwanja kingine hakijatolewa Makoko, Mwisenge au popote kando ya maji, iachwe njia ya wananchi kushuka ziwani, pana na wazi, yenye mahali pa kukaa. Iachwe sasa, wakati bado kuna pwani ambayo haijazungushiwa ukuta. Mji mwingine wowote unaweza kujenga hoteli. Kinachomfanya mgeni aupende Musoma ni kwamba jioni anakuta watu: wanafunzi wanajisomea kwenye mawe, wavuvi wanawasha taa wakienda kuvua dagaa, bibi ameketi na wajukuu, na Kijita, Kikurya, Kijaluo na Kizanaki vinasikika mahali pamoja. Ukiwaondoa hao, mgeni atabaki na maji na jua tu, na hivyo hata Bagamoyo na Bukoba vipo.

Nimalizie kwa yule kijana wa getini. Jioni ile sikuondoka mara moja. Nilimweleza habari za mjomba wangu na lori la pamba. Alinisikiliza, kisha akanivuta pembeni akanionyesha ukuta kwa ndani. Kwenye kimo cha goti lake palikuwa na mstari wa rangi ya udongo uliokwenda mpaka mwisho. "Mwaka 2020 maji yalifika hapa, mzee," alisema. "Sisi tulihamisha viti kwa mtumbwi."

Nikamuuliza, sasa bosi wake anasemaje maji yakirudi tena?

"Anasema ataongeza tofali," akajibu.

Kisha akatazama huku na huku, akaona hakuna mtu, akafungua geti kidogo. "Pita, mzee. Lakini jua likizama tu, utoke." Nikapita, nikavua viatu, nikanawa uso, mikono na miguu, nikakaa. Nilikaa kama mwizi, mahali ambapo mjomba alikaa kama mwenyeji.